Gemu Imehifadhiwa, Vitufe Viko Wapi?

Januari 2015, Internet Archive, maktaba ya kidijiti yenye makao yake San Francisco, iliweka mtandaoni gemu zaidi ya 2,000 za enzi za MS-DOS ili watu wazicheze ndani ya kivinjari bila kusakinisha chochote. Kinachowezesha jambo hilo ni emuleta, yaani programu inayoiga kompyuta ya zamani ndani ya kompyuta ya leo. Kazi ile ilistahili sifa iliyopata. Leo mtu aliyeko Morogoro au Kisumu, mwenye kompyuta ya kawaida na bando la kutosha, anaweza kufungua Prince of Persia, gemu aliyoitunga Jordan Mechner na kuitoa mwaka 1989 kwenye Apple II. Gemu inafunguka, picha ni zilezile, sauti ni zilezile. Mwanamfalme anaangushwa ndani ya handaki, geti la chuma linafungwa nyuma yake, dakika 60 alizopewa kumwokoa binti mfalme kutoka kwa waziri Jaffar zinaanza kukatika, na hakuna popote kwenye skrini panapomweleza mchezaji abonyeze nini.

Mishale ataibahatisha, maana karibu kila mtu huanzia hapo. Asichoweza kubahatisha kirahisi ni kitufe cha Shift. Katika toleo la DOS la gemu hiyo, Shift pamoja na mshale humfanya mwanamfalme atembee hatua kwa hatua, na hiyo ndiyo njia ya kupita katikati ya misumari inayochomoza sakafuni bila kuchomwa. Shift ndiyo inayomning'iniza ukingoni asidondoke. Shift ndiyo inayookota upanga na kunywa dawa iliyomo chupani, na pambano likianza, Shift hiyohiyo ndiyo pigo la upanga, huku mshale wa juu ukikinga pigo la adui. Kitufe kirefu cha nafasi huonyesha dakika zilizobaki. Ctrl+G huhifadhi ulipofikia, Ctrl+L huurudisha mchezo uliohifadhiwa, Ctrl+R huanzisha gemu upya. Sasa vichukue vitufe hivyo uviweke ndani ya kivinjari cha leo. Ctrl+L kwa kivinjari ni kwenda kwenye sehemu ya anwani. Ctrl+R ni kuupakia ukurasa upya, na ukurasa ukipakiwa upya gemu yote imeanza tangu mwanzo. Ukiwa kwenye Windows, ukabonyeza Shift mara tano mfululizo kama mtu anayepigana kwa upanga anavyofanya, linafunguka dirisha la kukuuliza kama unataka kuwasha huduma ya watu wanaoshindwa kubonyeza vitufe viwili kwa pamoja. Huduma hiyo ni muhimu kwa wanaoihitaji, ila imekuja katikati ya panga.

Hoja ya makala haya ni kwamba orodha ya vitufe ni kiungo cha gemu yenyewe, sawa na picha na sauti zake, na anayehifadhi gemu bila orodha hiyo amehifadhi nusu. Orodha hiyo isiwe imefukiwa ndani ya kitabu cha kurasa mia. Iwe ukurasa mmoja, uliojaribiwa kwa mkono, na uwekwe palepale gemu inapochezewa.

Ili kuelewa jinsi orodha hizi zilivyotengana na gemu zake, turudi kwenye mashine zenyewe. BBC Micro ya modeli B, kompyuta iliyoenea katika shule za Uingereza miaka ya 1980, ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 32 tu. ZX Spectrum ya Sinclair, iliyotoka mwaka 1982, iliuzwa ikiwa na kilobaiti 16 au 48. Katika nafasi finyu kama hiyo, kila neno la maelekezo linaloonyeshwa kwenye skrini lilikula sehemu ambayo mtunzi angeitumia kwa adui mwingine au chumba kingine. Maelekezo yakahamia kwenye karatasi, kwa sababu karatasi haikula kumbukumbu ya mashine. Baadaye ikaja sababu ya pili, nayo ilikuwa ya kibiashara. Kampuni zilitaka mwenye nakala ya wizi akwame, zikakifanya kijitabu kuwa kufuli. Prince of Persia ya DOS ilimtaka mchezaji afungue kijitabu, atafute neno kwenye ukurasa na mstari fulani, kisha anywe chupa yenye herufi ya kwanza ya neno hilo. The Secret of Monkey Island ya mwaka 1990 ilikuja na gurudumu la karatasi lenye sura za maharamia. Mbinu hiyo iliwasumbua walionakili, lakini ilihakikisha pia kwamba siku karatasi itakapopotea, maarifa ya gemu yatapotea nayo. Afrika Mashariki, ambako gemu nyingi zilipita mkono kwa mkono kwa diskete na baadaye kwa sidii zilizochomwa, karatasi haikupotea: haikuwahi kufika.

Mfano mzito kuliko yote ni Elite, gemu ya biashara na vita vya anga iliyotungwa na David Braben na Ian Bell na kutoka mwaka 1984 kwa ajili ya BBC Micro. Ndani ya kilobaiti zile 32 vijana hao walibana galaksi nane, kila moja ikiwa na mifumo 256 ya nyota. Vitufe vyake ni somo peke yake. S huinamisha pua ya chombo, X huiinua. Alama za < na > hukibiringisha kushoto na kulia. Kitufe cha nafasi huongeza mwendo na alama ya kuuliza huupunguza. A hufyatua leza. T hulenga kombora, M hulirusha, U huliondoa kwenye shabaha. Tab hulipua bomu la nishati. Esc, ambayo mtu wa leo huibonyeza bila kufikiri akitaka kutoka kwenye chochote, humrusha rubani nje ya chombo ndani ya kidonge cha kujiokolea, kama anacho, na chombo pamoja na shehena yake vinapotea. Kwenye safu ya juu kuna vitufe vyekundu, f0 hadi f9, na hivi hubadilika kazi kulingana na mahali ulipo: f1 ukiwa angani hukuonyesha kilicho nyuma yako, ukiwa kituoni hufungua ukurasa wa kununua bidhaa. Kuhifadhi mchezo kulianzia kwenye @, alama ambayo kwenye BBC Micro ilikuwa na kitufe chake yenyewe, kando ya P.

Hebu mtu ajaribu kuyavumbua hayo kwa kubonyezabonyeza. Kibodi ya leo haina F0 kabisa, hivyo emuleta hulazimika kuipa kazi hiyo kitufe kingine, na kila emuleta huchagua chake. Alama ya @ imehamia juu ya 2 kwenye kibodi za Kimarekani na kwingine kwenye zile za Uingereza. Watengenezaji wa BBC Micro walijua ugumu huu, ndiyo maana juu ya safu ya vitufe vyekundu waliweka kipande cha plastiki angavu cha kuchomeka ukanda wa karatasi wenye majina ya kazi za kila kitufe. Kwa maneno mengine, mashine ilijengwa ikitarajia kwamba orodha itakaa mbele ya macho muda wote. Tunapoiga mashine hiyo leo tunaiga chipu zake, rangi zake na hata kelele za kaseti yake, tukaiacha ile plastiki.

Wazo la kuweka orodha juu ya vitufe vyenyewe lilienea kote. Intellivision ya Mattel, iliyosambaa Marekani kuanzia mwaka 1980, ilikuwa na kidude cha mkononi chenye vitufe 12 vya namba, na kila gemu ilikuja na vibao vyembamba vya plastiki vya kupachika juu ya vitufe hivyo, vikiwa na michoro ya kazi zake. Makatibu muhtasi waliofanya kazi ofisini miaka ya 1990 wataikumbuka programu ya kuandikia ya WordPerfect 5.1 na kibao chake kilichozunguka vitufe vya F: maandishi mekundu kwa Ctrl, kijani kwa Shift, buluu kwa Alt na meusi kwa kitufe kikiwa peke yake. Hiyo haikuwa gemu, lakini inathibitisha jambo. Hata watu waliolipwa kuitumia programu saa nane kwa siku hawakutarajiwa kuvikumbuka vitufe vyote kichwani, na hakuna aliyewaita wavivu.

Vibao hivyo vilikuwa na udhaifu wake: vilitegemea umbo la kibodi. Kompyuta ya IBM ya mwaka 1981 iliweka vitufe F1 hadi F10 upande wa kushoto, kwa safu mbili za kushuka. Katikati ya miaka ya 1980 IBM ikatoa kibodi mpya yenye vitufe 101, ikavipandisha vitufe vya F juu na kuongeza viwili. Kibao kilichokatwa kwa ajili ya upande wa kushoto hakikuwa na pa kukaa tena. Kisha zikaja kompyuta za mapajani, nyingi zikiwa hazina ile sehemu ya namba upande wa kulia, ambayo gemu nyingi za DOS ziliitegemea kwa mwendo wa kwenda mshazari. Na kuna jambo ambalo waandishi wa orodha za Kiingereza hulisahau kabisa. Mchezaji wa Lubumbashi au Bujumbura mara nyingi ana kibodi ya Kifaransa, ile inayoanza na A-Z-E-R-T-Y. Baadhi ya gemu za zamani husoma mahali kitufe kilipo, si herufi iliyochapwa juu yake. Akiambiwa abonyeze W, kitufe kinachotakiwa kwake kimeandikwa Z, na akiambiwa A, kwake ni Q. Orodha isiyosema imeandikwa kwa kibodi gani itampotosha vibaya kuliko kukosa orodha.

Wapo watakaopinga kwamba kuvumbua ndio utamu wenyewe. Wanasema gemu za zamani zilikuwa ngumu kwa makusudi, na kumwekea mchezaji kila kitu mezani ni kumnyang'anya furaha. Hoja hii ina ukweli kidogo, ila inachanganya mambo mawili. Fumbo lililotungwa na mtunzi ni gemu. Kutojua kitufe cha kuruka ni mlango uliokwama. Atakayefundishwa bao ataonyeshwa namna ya kusambaza kete na tofauti ya namua na mtaji kabla hajacheza, na bado atapigwa miaka mingi na wazee wa baraza. Hakuna aliyewahi kudai kwamba bao lingenoga zaidi kama kanuni zingefichwa. Historia ya gemu yenyewe nayo imeshatoa hukumu. Computer Space ya mwaka 1971, gemu ya video ya kwanza kuuzwa kibiashara kwa ajili ya kumbi za starehe, iliwataka wateja wasome maelekezo ya vitufe vya kugeuza chombo, kukisukuma na kufyatua risasi, na Nolan Bushnell, mmoja wa waliounda mashine hiyo, alisema baadaye kwamba iliwashinda watu kwa ugumu wake. Mwaka uliofuata kampuni yake ya Atari ikatoa Pong, yenye kirungu kimoja cha kuzungusha na sentensi moja muhimu kwenye kabati lake: usikose mpira. Pong ikatapakaa. Wengine watasema Pong ilishinda kwa kuwa nyepesi, si kwa kuwa na maelekezo mazuri. Sawa, lakini hilo linaongeza nguvu ya hoja: gemu isiyoweza kuwa nyepesi kama Pong inahitaji maelekezo yake yawe karibu zaidi.

Wengine husema vitufe vina mazoea yake na mazoea hayo hujifunzwa mara moja. Kwa gemu za leo ni kweli. Kwa za zamani, mazoea yalikuwa bado yanatafutwa. Wachezaji wa sasa huweka vidole kwenye W, A, S na D bila kufikiri, lakini mtindo huo ulipata nguvu baada ya Quake ya mwaka 1996, hasa kwa sababu ya bingwa Dennis Fong aliyejulikana kwa jina la Thresh. Doom, iliyotoka Desemba 1993, ilianza na mishale, Ctrl ya kufyatua, nafasi ya kufungua mlango na Alt ya kwenda upande. Wachezaji wa Spectrum walizoea Q na A kwa juu na chini, O na P kwa kushoto na kulia. NetHack ya mwaka 1987 hutembeza mtu wake kwa h, j, k na l. Chimbuko lake ni terminali ya ADM-3A ya mwaka 1976, iliyokuwa na mishale iliyochorwa juu ya herufi hizo. Bill Joy aliitumia alipoandika programu ya kuhariri maandishi ya vi, na gemu za wanafunzi wa vyuo zikairithi desturi. Terminali zile zimebaki kwenye makumbusho, lakini mishale yake isiyoonekana bado inatawala gemu ambayo watu wanaipakua leo. NetHack hutofautisha hata herufi kubwa na ndogo: w ndogo ni kushika silaha, W kubwa ni kuvaa deraya.

Hata hivyo NetHack ina sifa ambayo nyingi hazina. Ukibonyeza alama ya kuuliza, msaada unafunguka ndani ya gemu. Ukibonyeza & kisha kitufe chochote, inakuambia kitufe hicho kinafanya nini. Doom nayo huonyesha ukurasa wa msaada kwa F1. Watunzi hawa walikuwa na kumbukumbu ya kutosha na wakaitumia kwa heshima. Gemu zilizotangulia, zilizobanwa na kilobaiti, ndizo tunazopaswa kuziongezea kile ambacho mashine zake hazikuweza kubeba.

Pingamizi lenye uzito zaidi linatoka kwa wahifadhi wenyewe. Wanasema vijitabu vimeshaskaniwa, viko mtandaoni kwa PDF, na maduka kama GOG huwapa wanunuzi kijitabu pamoja na gemu. Kazi hiyo ni ya thamani na isiachwe. Lakini kijitabu kilichoskaniwa ni picha. Mara nyingi huwezi kutafuta neno ndani yake, na kukisoma kwenye simu ni kukuza na kusogeza hadi macho yachoke. Kitabu cha Falcon 4.0 ya mwaka 1998, gemu ya kuendesha ndege ya kivita, kilikuwa na kurasa takriban 600. Mtu anayeshambuliwa angani hana muda wa kupekua kurasa hizo. Zaidi ya hayo, jedwali la vitufe mara nyingi lilichapwa kwenye kadi ya pembeni, na kadi ndiyo ya kwanza kupotea kwenye sanduku. Kijitabu kinachobaki kinasema tu: tazama kadi.

Suala la sheria huwatisha watu bila sababu ya kutosha. Kijitabu kina hakimiliki, na kukinakili chote kunaweza kuleta matata. Lakini hakimiliki hulinda namna jambo lilivyoelezwa, hailindi ukweli wenyewe, na kwamba S huinamisha chombo ni ukweli. Mwaka 1995 mahakama ya rufaa ya Boston, katika kesi ya Lotus dhidi ya Borland, ilikwenda mbali zaidi ikaamua kwamba hata mpangilio wa amri za programu ni njia ya kuiendesha, hivyo haulindwi. Mwaka 1996 Mahakama ya Juu ya Marekani ikagawanyika nusu kwa nusu juu ya kesi hiyo, na uamuzi ukabaki. Hiyo ni Marekani, na wakili wa Nairobi au Dodoma anaweza kuwa na la kuongeza, ila anayeandika orodha ya vitufe kwa maneno yake mwenyewe yuko mbali na eneo la hatari. Uhitaji nao ni mkubwa: utafiti wa Video Game History Foundation wa mwaka 2023 ulikuta asilimia 87 ya gemu za zamani zilizotolewa Marekani kabla ya 2010 haziuzwi tena. Hakuna kampuni inayosubiri kuandika orodha za gemu hizo.

Na je, si rahisi zaidi kuvibadilisha vitufe viendane na mazoea ya leo? DOSBox, emuleta iliyoanza mwaka 2002, ina ukurasa wa kufanya hivyo, unaofunguka kwa Ctrl+F1. Ni chombo kizuri, lakini kinajua tu kwamba kitufe hiki kitume ishara ya kitufe kile. Hakijui kama kile kinaruka au kinajilipua. Anayetaka kubadilisha vitufe ndiye anayeihitaji orodha kuliko wote.

Orodha yenyewe ipangwe kwa vitendo, si kwa alfabeti ya vitufe, kwa kuwa mchezaji hujua anataka kuruka kabla ya kujua kitufe gani huruka. Juu kabisa yawekwe mambo ambayo mtu hutafuta akiwa amekwama: kutoka, kusimamisha kwa muda, kuhifadhi na kurudisha. Wachezaji wa MAME, emuleta ya mashine za kumbini iliyoanza mwaka 1997, wanajua maana ya hili: kwa mpangilio wake wa kawaida unabonyeza 5 kutumbukiza sarafu na 1 kuanza, na asiyeambiwa anaweza kuitazama skrini ya matangazo hadi jioni. Zifuate kazi za kila hali, mathalani kituoni na angani, kila moja na kisanduku chake. Vitufe vinavyogongana na kivinjari vitajwe kwa onyo. Liandikwe jina la mashine, toleo la gemu, emuleta iliyotumika na aina ya kibodi. Iwe maandishi matupu yanayofunguka hata kwenye simu ya bei ndogo, na yakae chini ya dirisha la gemu. Mtandaoni, kurasa nyingine za gemu zina maelezo hayo na nyingine hazina hata mstari mmoja.

Ukurasa mmoja wa aina hiyo ni mwepesi pia kutafsiriwa, jambo lisilowezekana kwa kitabu cha kurasa mia. Kuruka, kuchutama, kukinga, kulenga: maneno ishirini au thelathini ya Kiswahili yanatosha gemu nyingi. Kwa hiyo msomaji ambaye vidole vyake bado vinakumbuka gemu ya zamani, iwe ya DOS, ya Spectrum au ya mashine ya kumbini, aifungue leo kwenye emuleta, ajaribu kitufe kimoja kimoja, aandike alichokiona na si anachodhani, kisha aweke orodha hiyo hadharani na kumpa mtu asiyeijua gemu hiyo aijaribu. Akikwama mahali, hapo ndipo pa kurekebisha.